Mota sita za Cobalt iP Digital chini ya reli yangu ndogo

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli Voi. Nikiwa mtoto, nilichokipenda kuliko treni yenyewe ni kumtazama akivuta wenzo wa pointi, pale njia ya reli inapogawanyika mbili: reli zinasogea taratibu, zinagusa, kisha kimya. Ndiyo maana mota za koili nilizoanza nazo kugeuzia pointi za reli yangu ya mfano hapa Reading, Uingereza, hazikuwahi kunituliza moyo. Zinafyatuka kama mtego wa panya. Mbili ziliungua kitufe kiliponasa na umeme ukaendelea kupita kwenye koili inayotakiwa kuupata kwa kitambo kidogo tu.

Mwezi wa pili nikanunua mota sita za Cobalt iP Digital, za kampuni ya DCC Concepts. Nina miezi minne nazo na ninazipenda kwa dhati.

Dikoda, kifaa kinachosoma amri za DCC (mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni za mfano), imo ndani ya mota yenyewe, kwa hiyo hakuna kisanduku cha pembeni. Nyaya mbili zinatoka kwenye laini ya DCC, mbili zinatoka kwenye reli, mmoja unakwenda kwenye frogi, kile kipande cha chuma ambapo reli mbili zinakutana. Unazisukuma kwenye matundu yenye springi na zinashika. Aliyewahi kulala chali chini ya meza akilehemu, risasi ya kulehemia iliyoyeyuka ikining'inia juu ya uso wake, atajua hiyo ni neema kiasi gani.

Pointi zangu ni za kampuni ya Peco, zile za frogi yenye umeme. Niliondoa springi ndogo iliyo katikati, kwani mota hii inashikilia reli yenyewe, nikaweka viungio vya plastiki kwenye reli mbili zinazotoka kwenye frogi. Usiviruke hivyo.

Kuipa mota anwani, yaani namba ya kuiitia, ni kazi ya dakika moja. Unasogeza swichi ndogo ya mota hadi SET. Kwenye Power Cab yangu, kidhibiti cha mkononi cha DCC, nabonyeza SELECT ACCY, naandika 5, ENTER, kisha 1. Narudisha swichi kwenye RUN, na mota inaitwa 5. Shughulikia moja moja! Mimi nilisahau moja kwenye SET, ikachukua anwani ya jirani yake, na jioni nzima pointi mbili zikawa zinageuka pamoja bila mimi kuelewa sababu. Sasa kila mota ina namba yake kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubao, karibu na tundu lake.

Jambo ninalotaka mlishike zaidi ni umeme unakotoka. Mwanzoni niliunganisha mota kwenye nyaya zilezile zinazolisha reli. Kichwa cha treni kikaingia kwenye pointi iliyoelekezwa upande mwingine, gurudumu likagusa frogi, shoti, mfumo mzima ukajizima. Nikataka kugeuza pointi ili kuondoa shoti, lakini pointi nayo haina umeme. Ikabidi ninyanyue treni kwa mkono. Nikavuta jozi ya pili ya nyaya kwa ajili ya mota peke yake, na upande wa reli nikaweka kikata umeme. Siku hizi shoti ikitokea reli inazimika, mota zinabaki hai, nageuza pointi na treni inaendelea. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza, kabla ya kufunga skrubu hata moja.

Ikiwa treni inaleta shoti hata pointi ikiwa imeelekezwa sawasawa, badilisha nafasi za zile nyaya mbili za reli kwenye mota. Kwangu ilitokea kwa mbili kati ya sita.

Mwendo wake sasa: polepole, kwa mvumo mdogo, hadi mwisho. Wageni wakija nawaomba waiangalie pointi kwanza, treni baadaye.

Zimebaki pointi nne za yadi ya mizigo. Nitaziwekea hizihizi, ila moja iko juu kabisa ya boriti ya meza na chini yake mota haiingii. Hiyo nitaisogeza kwanza.