Gari la spoti la kifahari lililozeeka: tazama kwanza ndugu zake mjini

Simu huwa zinafanana. Mtu ameona picha za gari la milango miwili, paa linafunguka, viti vya ngozi, mwaka 2005, na bei ya Japani haitishi hata kidogo. "Kaka, hii imekaaje?" Nami humjibu kwa swali: injini hiyo iko kwenye gari gani jingine hapa Dar?

Swali hilo ndilo nililotumia kupanga orodha hii. Sikutazama kasi wala nembo. Gari la miaka ishirini litaharibika tu, hilo halina ubishi. Cha kujua ni kama likiharibika Jumanne spea utaipata kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani Jumatano, au gari litakaa juu ya matofali miezi miwili ukisubiri mtu anayefuata mzigo Sharjah. Gari la spoti lenye ndugu wengi barabarani, hata ndugu wa kawaida wenye milango minne, lina maisha. Lisilo na ndugu ni pambo la uani.

Kabla ya orodha, hesabu. Tanzania tunaruhusiwa kuingiza gari la zamani, ila tunalilipia. Likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi 10 ni asilimia 30. Hapo hujahesabu ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (asilimia 5 ikizidi cc 1000 bila kupita 2000, asilimia 10 ikipita hapo) na VAT ya asilimia 18. Na hizi hazikai bega kwa bega, zinapandana mgongoni. Isitoshe, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hukadiria kwa thamani yao, si kwa risiti yako ya mnada, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo chao cha magari yaliyotumika kabla hujatuma hata dola moja. Kenya mlango huo umefungwa, gari lililozidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa wananunua yaliyokwishaingia zamani. Yote nitakayosema kuhusu ukaguzi yanawahusu wao zaidi, maana gari limeshapita mikono mitatu minne.

Ukishajumlisha yote hayo, tenga fungu jingine la kulirudisha gari kwenye hali yake mwaka wa kwanza. Kama fungu hilo huna, huna bei ya gari.

1. Toyota Soarer 430SCV (baadaye Lexus SC430)

Waandishi wa magari wa Uingereza walilicheka sana gari hili. Zito, laini kama sofa, sura kama boti iliyopinduliwa. Waache wacheke. Japani liliuzwa kwa jina la Soarer kuanzia 2001, na kuanzia 2005 likaitwa Lexus SC430. Chini ya boneti kuna 3UZ-FE, V8 ya lita 4.3, injini ileile iliyomo kwenye Celsior na Crown Majesta za miaka hiyo. Fundi yeyote aliyezoea Toyota kubwa anaifungua akiwa anapiga soga.

Kitu kimoja tu kisikupite: injini hii inatumia mkanda wa taiming, si cheni. Mkanda ukikatika, vavu zinagonga pistoni na hadithi imeishia hapo. Japani unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kawaida hubandikwa kibandiko ndani ya boneti kinachosema ulibadilishwa lini. Kibandiko hakipo na muuzaji anababaika? Hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Badilisha pamoja na wota pampu, tenshena na rola zake, siku moja, gharama moja ya fundi. Mkanda umezeeka kwa miaka hata kama kilomita ni chache, kwa hiyo usipumbazwe na gari lenye kilomita 48,000 za 2003.

Paa lake ni la bati la alumini, linajikunja lenyewe. Likigoma, mara nyingi ni swichi au sensa. Tairi ni 245/40 za rimu 18, na hapo ndipo shimo la barabarani linapokuumiza. Mafuta linakunywa, sitakudanganya. Lakini ukiniuliza ni gari gani utaliendesha kila Jumapili miaka mitano bila kujua jina la mtoto wa fundi wako, ni hili.

2. Mercedes SLK ya pili, R171 (2004–2011)

Hapa lazima uchague injini kwa jicho kali, kwa sababu ndani ya umbo lile lile kuna magari mawili tofauti kabisa.

Ninayoipendekeza ni SLK 200 Kompressor. Injini ni M271 ya lita 1.8, ileile ya C180 na C200 Kompressor zilizojaa mjini. Haifiki cc 2000, kwa hiyo hata ushuru wa bidhaa unapungua. Ubaya wake ni cheni ya taiming, nyembamba, inayorefuka kama oili haikubadilishwa kwa wakati. Nenda asubuhi kabla mwenye gari hajaliwasha, weka mkono juu ya boneti uhakikishe ni baridi, kisha mwambie awashe. Ukisikia mchakacho wa sekunde mbili tatu kama njuga mbele ya injini, cheni na gia za kamshafti ndizo zinazoongea. Ama upunguziwe bei ya kutosha, ama uende zako.

Kuna ugonjwa mwingine wa M271 ambao wengi hawaujui. Sumaku za kamshafti, zile zilizokaa mbele juu ya injini, huanza kuvuja ndani kwa ndani. Oili haidondoki chini ukaiona. Inapanda ndani ya nyaya, inatambaa taratibu kama utambi wa kibatari, hadi inafika kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi moja pale mbele, tazama ndani kwa tochi. Pakiwa pakavu, vizuri. Pakiwa na oili, chomoa na ile ya kwenye kompyuta uone imefika wapi. Dawa ya mapema ni kubadili sumaku na kuweka vipande vifupi vya waya vinavyokaa katikati na kuzuia oili isipande. Ni spea ya bei ndogo inayookoa kitu cha bei kubwa, na ndiyo ya kwanza kununua ukishakabidhiwa funguo.

SLK 350 ni tamu zaidi, V6, sauti yake ukipita chini ya daraja unapunguza redio. Lakini injini zake, M272, zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 2006 zina gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko inayolika meno, na kuibadilisha ni kushusha injini nzima. Ukiitaka, chukua ya 2007 kuja juu.

3. BMW Z4, E85 (2002–2008)

Hili ndilo ninalomiliki, na nimeliweka la tatu, kwa hiyo usiseme nina upendeleo.

Langu ni 2.5i ya 2004, silinda sita za mstari, injini ya M54. Ndugu zake wapo: E46 (3 Series ya miaka hiyo) za silinda sita, X3, X5 ya lita 3.0. Angalia tu, 318i zilizojaa mitaani ni silinda nne, hazikusaidii upande wa injini. Kwa uendeshaji, katika haya matano ya orodha yangu ndilo la spoti hasa. Unakaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, na ukikata kona unaisikia kiunoni.

Sasa mabaya. Mfumo wa kupoza injini umejaa plastiki: tanki la maji, viungo vya mipira, nyumba ya themostati. Plastiki ya BMW yenye miaka ishirini kwenye joto la Dar ni biskuti. Badilisha vyote kwa pamoja hata kama havijavuja. M54 ikichemka, silindahedi inapinda.

Paa ni la turubai, linaendeshwa na pampu ya haidroliki. Mota ya pampu hiyo wameificha chini kabisa, upande wa kushoto nyuma ya kiti, kwenye shimo ambalo maji ya mvua hupita kwenda nje kwa mpira mwembamba. Mimi naegesha chini ya mwarobaini. Masika moja nikawa nasikia, kila nikifunga breki kwenye taa, mchubwi nyuma yangu kama dumu lililojaa nusu. Nikapuuza. Wiki ile ile paa likasimama nusu wazi, na wingu limetanda. Fundi wa kwanza alibadili fyuzi na rilei, akachukua chake, kesho yake likagoma tena. Wa pili hakuleta hata mashine ya kupimia. Aliingiza mkono kwenye ule mfereji akatoa ngumi nzima ya majani ya mwarobaini yaliyooza, maji yakatoka shaa, na mota ikawa imeshaliwa na kutu. Akanihamishia nyingine hadi ndani ya buti, mahali pakavu. Marekebisho hayo wenye Z4 duniani kote wanayafanya, na ukikuta gari limeshafanyiwa, huo ni ushahidi kwamba mwenyewe alikuwa analijali.

La mwisho, stelingi ni ya umeme, na ikipata joto hunata. Si kukaza, ni kunata: unaenda moja kwa moja, unataka kurekebisha kidogo, haisogei, unaongeza nguvu, inaruka. Kwa hiyo jaribu gari saa nane mchana likiwa limeegeshwa juani. Muuzaji akikuita saa kumi na mbili jioni penye upepo, mwambie utakuja kesho.

4. Porsche Boxster, 986 na 987

Kuna watu watanikasirikia kwa kuliweka hapa. Kama gari, ni bora kuliko yote matatu ya juu. Kama mali ya mtu wa Dar, ndugu zake ni 911, na 911 yenyewe ngapi umeziona leo?

Tatizo linalojulikana ni beringi ya shafti ya kati, wenyewe huiita IMS. Ikivunjika, injini nzima imekwenda. Za 2000 hadi 2005 ndizo zenye hatari zaidi, lakini angalau beringi yake inabadilika giaboksi ikishushwa. Za 2006 hadi 2008 zina beringi kubwa na imara zaidi, ila haitoki bila kupasua injini. Kuanzia modeli za 2009 shafti hiyo haipo kabisa, na hiyo ndiyo Boxster ya kununua kama mfuko unaruhusu. Kwa za nyuma, omba oili ibadilishwe mbele yako, filta ikatwe na karatasi yake ifunuliwe. Ukiona vumbi linalong'aa kama la msasa wa chuma, shukuru, ondoka.

Na mifereji ya paa inaziba vilevile, safari hii maji yanaishia kwenye kompyuta iliyo chini ya kiti.

5. Jaguar XK8

La kupendeza kuliko yote, na ndiyo maana liko mwisho badala ya kuachwa. V8 zake za awali, tangu 1996, silinda zake zilipakwa nikasili inayoliwa na mafuta yenye salfa, na tenshena za cheni zilikuwa za plastiki. Za lita 4.2, kuanzia 2002, zimepona magonjwa hayo mawili. Spea ni za kuagiza, basi. Ndugu mjini hakuna.

Nje ya orodha: Mercedes SL R230

Utaliona kwenye minada kwa bei ya kuchekesha. SL 500 za miaka ya mwanzo zina injini ya M113 ambayo haifi. Lakini breki zake ni za umeme, pampu yake inahesabu kila unapokanyaga na ikifika idadi yake inadai kubadilishwa. Nyingi zina pia springi za haidroliki za ABC, mpira mmoja ukipasuka gari linalala chini barabarani kama ngamia. Uzuri wa mkakasi.

Pesa ya kuboresha iende wapi

Tairi kwanza. Soma tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, hata kama kashata hazijalika hiyo ni tairi ya kutupa. Kisha bushi zote za mbele na nyuma, mafuta ya breki, na oili ya giaboksi hata kama kitabu kinasema haibadilishwi. Gari likishafanyiwa hayo utadhani umebadilishiwa. Redio ya skrini kubwa na taa za rangi viko chini kabisa ya orodha yangu, na kushusha springi hakumo kabisa. Haya magari tayari yapo chini. Kuna matuta Tabata ninayoyapanda kwa mshazari, tairi moja moja, huku bodaboda wananihesabia.

Siku ya kukagua nenda na fundi wako na jagi la maji. Fungua na funga paa mara tatu mfululizo, kisha mimina maji kwenye kila mfereji na uchungulie chini ya gari yanatokea wapi. Yasipotokea, yako ndani.