Kambi ya watoto ziwani: walimbebesha mwanangu godoro

Nimekaa wiki kadhaa nikingoja hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka.

Mwanangu ana miaka tisa na bado anakojoa kitandani, ingawa si kila siku. Baba yake naye alichelewa kuacha, hadi darasa la tano. Nesi alishanieleza kwamba jambo hili huenda kwa ukoo: mtoto ana usingizi mzito, na mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku. Si uvivu, na fimbo haitibu. Yote hayo niliyaandika kwenye fomu ya kambi, pale penye maelezo ya afya. Asipewe chai baada ya magharibi, aamshwe saa tano, alale karibu na mlango. Kwenye begi nikaweka nailoni ya kutandika na shuka mbili za akiba. Kiongozi wa kambi akanijibu, "Usijali mama, hawa ni watoto wetu."

Usiku wa kwanza wakanywa chai na mihogo saa mbili. Hakuna aliyemwamsha. Asubuhi kiongozi yule yule akamtwisha godoro kichwani, akamwambia akalianike katikati ya uwanja, wenzake wote wako mstarini wanangoja uji. Wakaanza kumwimbia kikojozi. Mtu mzima yule amesimama pale, anacheka.

Nilipompigia simu wala hakukana. "Mama, kambi ni kumkomaza mtoto. Huku siyo nyumbani." Nikamuuliza fomu aliisoma? Akasema fomu ziko ofisini. Ofisini! Watoto wako ufukweni Katonga, Ziwa Tanganyika, maelezo ya afya zao yamefungiwa kabatini mjini. Kundi lile lilikuwa na mtoto mwenye pumu, mama yake namfahamu. Kifua kingembana usiku, nani angejua dawa iko mfuko gani? Hapo nilitetemeka kuliko hata kwa lile godoro.

Nilianza kuandika ili niwaambie msiwapeleke watoto wenu. Anayenikwamisha ni mtoto mwenyewe. Tangu arudi hataji godoro, anataja taa. Walikwenda siku za giza, na usiku wa pili wakakalishwa mchangani kutazama mitumbwi ya dagaa, mji mzima unawaka juu ya maji. Mzee mmoja mvuvi akawaeleza kwamba zamani walitumia karabai, sasa ni taa za betri. Mwanga unavuta vijidudu, dagaa wanavifuata, wavu unawazingira. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, maana ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haivuti kitu. Asubuhi wakaanika dagaa pamoja na kina mama. Sasa kila mgeni anayeingia nyumbani anaambiwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na linalolizidi duniani ni Baikal la Urusi peke yake. Mimi nimezaliwa Mwanga, Kigoma mjini, nimekula dagaa hao maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini siku za mbalamwezi wanaadimika sokoni.

Halafu kuna mama mpishi. Usiku huo wa pili alikwenda mwenyewe kumwamsha, hakutumwa na mtu, akamshika mkono hadi chooni. Alfajiri shuka ilikuwa kavu. Jina lake silijui. Mungu ambariki na watoto wake.

Kwa hiyo ni kambi nzuri, wapelekeni. Nimeandika hivyo, nikamwona tena mwanangu na lile godoro kichwani, nikataka kufuta. Nimeiacha kwa sababu ya yule mama na yule mzee. Huyo kiongozi simpi hata nusu nyota, na waandaaji wakimrudisha mbele ya watoto wa watu bila kumfunza, basi wao na yeye ni wamoja.

Wametangaza kambi nyingine likizo ijayo. Mtoto anaililia. Fomu ninayo, nimejaza kila kitu isipokuwa sehemu ya afya. Hiyo nitaijaza mbele ya kiongozi, aisome kwa sauti, na fomu aondoke nayo mfukoni.