Foili ya mapovu kwenye karavani: jua inalikata, stima inaisambaza

Roli za foili ya mapovu, yaani plastiki yenye mapovu ya hewa iliyofunikwa alumini, zinazouzwa Malindi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni zile zile za kuweka chini ya mabati ya nyumba. Kwa karavani zinafaa sana, maana jua la kaskazi likishapiga bati jembamba, ndani huwa tanuri. Alumini safi hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto la mionzi, mradi uso unaong'aa utazamane na hewa ya sentimita 2 hivi. Ukiibandika ikagusana na bati, joto linapita na pesa zako zimekwenda na maji. Fukuto la usiku foili hailiwezi. Hilo ni kazi ya madirisha na feni.

Kwa roli ya upana wa mita 1.2, paa la mita 4 kwa 2 linakula vipande viwili vya mita 4, vikipandana sentimita 10, na kingo zinashuka ukutani kidogo.

Kasoro yake kubwa haiandikwi kwenye roli: foili ni waya mpana. Pini moja ya stepla ikitoboa waya wa stima, paa zima lina volti 240, na kwa kuwa karavani imekalia mpira wa magurudumu, hakuna kinachokatika mpaka mtu aliyesimama kwenye mchanga wenye maji ashike mlango. Australia mwaka 2009 fundi aliuawa darini kwa pini kama hiyo. Kwa hiyo bandika kwa gundi au teipu, na nyaya zote zipite ndani ya paipu ya plastiki.

Kisha unganisha ardhi. Waya wa kijani na njano wa milimita 4 za mraba utoke kwenye kituo cha ardhi (pale waya zote za ardhi zinapokutana) uende kwenye chesisi, na mwingine kwenye kila kipande cha foili. Kila kipande, kwa sababu gundi ya teipu haipitishi umeme hata vikipandana. Kunja foili mara mbili, toboa, kaza bolti ya chuma cha pua yenye washa pana pande zote. Shaba tupu isiguse alumini: kwa chumvi ya hapa alumini italika upesi, tumia kichwa cha waya kilichopakwa bati. Mita ionyeshe chini ya omu 1 kati ya pini ya ardhi ya plagi na mlango.

Wengi hupigilia fimbo ya ardhi ya mita 1.2 mchangani wakaridhika. Ikiwa na omu 50 tu, itapitisha ampea 4.8, na brekaa ya ampea 16 haitashtuka. Kinachookoa ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata stima yenyewe inapovuja; bonyeza kitufe chake cha T, cha kuijaribu, kila mwezi. Ukitumia jenereta ndogo, mwulize fundi kwanza kama nyutro imeungwa na fremu. Isipoungwa, RCD inaweza kukaa kimya hata stima ikivuja.

Barabara mbovu hulegeza bolti, basi pima tena kila baada ya safari ndefu.