Gesti ya vyumba 14 Dodoma: nimekaa siku 11, na mtaa wameikataa isiwe makazi

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote habari za leo. Nilijiahidi kuandika kuhusu hii gesti tangu mwezi wa tano nikawa naahirisha tu maana kila nikianza moyo unanijaa, leo naandika hivyo hivyo. Jina siliweki, mwenyewe kaniomba nisiliweke mpaka mambo yake na mtaa yaishe, ila wale mlio na ndugu anayetibiwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, wengi mnaijua, ndo ile tunayoelekezana wenyewe kwa wenyewe kwenye mabenchi ya kliniki.

Nianze na chumba maana ndo mnachouliza. Nilikaa namba 6. Kitanda futi tano kwa sita, godoro halijabonyea katikati, shuka zinanukia jua, feni inafanya kazi, choo na bafu humo humo ndani. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao lakini kuna simtanki kubwa nyuma, siku zote 11 sijawahi kukosa maji ya kuoga ila shawa inatoa kidogo kidogo, bora utumie ndoo. Kuna baa nyumba ya tatu, ijumaa na jumamosi mziki mpaka saa saba usiku, mwenye usingizi mwepesi aombe vyumba vya upande wa nyuma. Na vumbi, ila vumbi la Dodoma na ule upepo sio kosa la gesti.

Chandarua changu kilikuwa na tundu upande wa miguuni, tundu la kupitisha ngumi. Nikaenda mapokezi nikamwambia yule dada, nikategemea aniambie kesho kesho kama kwingine. Akaja na sindano na uzi mweupe, akapiga magoti kitandani akakishona pale pale huku ananiuliza nimekula. Dakika tano tu, alafu akapitisha mkono kwenye neti yote kutafuta kama kuna tundu lingine.

Bei ni 20,000 kwa usiku na chai ndani yake. Sasa mtu wa Dodoma anajua mwezi wa nne mpaka wa sita Bunge la bajeti likikaa hali inakuwaje, lodge zinajaa, chumba cha 25,000 unaambiwa 50,000 na bado unaombea. Huyu mama mwenye gesti hakuongeza hata mia. Nilimuuliza kwanini, akasema mwanangu wabunge wana pa kulala, wewe na mdogo wako mkitoka hapa mnaenda wapi. Asubuhi ni uji wa uwele, chai ya maziwa na chapati, jioni ukitaka chakula unaagiza mapema, ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga, shilingi 3,000, unakula mpaka unaacha.

Haya. Mdogo wangu.

Sisi ni wa Kondoa. Mdogo wangu alianza kuumwa akiwa form three, nisiingie sana huko, wanaojua wanajua, yaani miaka tisa ya kwenda na kurudi. Mirembe wamemtibu vizuri na nawashukuru mpaka leo, hiyo hospitali ipo tangu 1927 na watu bado wanaitaja kama tusi, mtu akikosea kidogo anaambiwa we wa Mirembe, kumbe kuna watu wanaingia pale wamefungwa kamba wanatoka wanaongea na kucheka na kukumbuka birthday ya mama yao. Shida sio pale. Shida inaanza siku ya kuruhusiwa. Anarudi nyumbani, kwenye zahanati ya karibu sindano ya mwezi leo ipo kesho haipo, watoto barabarani wanamwita chizi, shangazi anaficha visu, mwezi wa pili tu hali inabadilika tunaanza upya. Na mimi nina nafuu kwa kuwa namtaka. Madaktari wenyewe wamelisema mara nyingi, wapo waliopona ambao ndugu hawaji kuwachukua, wengine wanaacha namba ya simu ambayo haipatikani tena.

Sasa pale gesti nilikuta watu watano wa kukaa muda mrefu, mdogo wangu akawa wa sita. Huyo mama aliwahi kuwa na kaka yake aliyeumwa hivyo hivyo, kwahiyo anajua. Saa 12 jioni dada wa mapokezi anatoa daftari la kaunta, lile lenye jalada gumu jekundu, na sufuria ya uji mwepesi, maana baadhi ya dawa ukimeza tumbo tupu zinakutesa. Kila mtu anakuja na dawa zake mwenyewe, anameza, anakunywa uji, anaweka tiki mbele ya jina lake kwa mkono wake. Hakuna anayepigiwa kelele. Asiyekuja anafuatwa mlangoni, anagongewa taratibu, "kaka, uji unapoa." Basi. Kwa miaka tisa sisi nyumbani tulikuwa tunamfichia mdogo wangu dawa kwenye chai, na yeye anajua, na tunagombana. Pale siku ya nne nilimwona anatoka chumbani mwenyewe kabla hajaitwa, amevaa na viatu. Wiki ya pili akapata kibarua kwa seremala mtaa wa pili, anapiga msasa vitanda, anarudi na vumbi la mbao kichwani na hela yake mfukoni.

Mama akaona hii gesti aiache kuwa gesti. Vyumba vyote 14 viwe makazi ya watu waliopona ambao hawana pa kwenda, kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake, 80,000 kwa mwezi, wa ndugu wenye uwezo walipe na wasio na ndugu atafute wafadhili, nesi mstaafu aje mara tatu kwa wiki. Akaenda kuuliza taratibu. Akaambiwa kubadili matumizi ya kiwanja kuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007, sio jambo la kujiamulia tu na majirani lazima wasikilizwe, aanze na muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye muhuri. Sawa, hiyo ni haki kabisa, hata mimi jirani akitaka kufungua kitu nataka niulizwe.

Huo mkutano nilikuwepo. Ofisi ya mtaa haina viti vya kutosha, wakaja kuazima vya gesti, vile vya plastiki vyeupe, na aliyebeba ni mdogo wangu na mwenzake mmoja wa namba 11. Walibeba viti 40, safari nyingi, wanapanga mistari chini ya mwarobaini, mdogo wangu anafuta vumbi kila kiti kwa fulana yake. Walipomaliza wakakaa nyuma kabisa. Alafu watu wakaja wakakalia vile viti na mheshimiwa mwenyekiti akafungua kikao kwa kusema ajenda ni moja, kuna mtu anataka kutuletea vichaa mtaani.

Sikuweza kumwangalia mdogo wangu usoni.

Nitasema waliyosema kwa haki. Mama mmoja alisema kuna shule ya msingi karibu na watoto wanapita pale. Mzee mmoja alisema amenunua kiwanja kwa kiinua mgongo chake na bei itashuka. Kijana mmoja akauliza usiku mtu akizidiwa nani anahusika, mtaa au gesti, na hilo swali nililiheshimu, kwasababu jibu la mama lilikuwa anamjua bodaboda na nesi yupo kwenye simu, na mi naona halitoshi, inatakiwa mtu wa zamu usiku mwenye mafunzo na makubaliano ya maandishi na hospitali, nilimwambia hivyo baadae na akaandika. Pia vyumba 14 na mtungi mmoja tu wa kuzimia moto, hapo nampunguzia nyota na nilimwambia ana kwa ana. Lakini viongozi hawakutaka kusikia marekebisho. Hakuna aliyesema mama leta nesi wa usiku kisha tuzungumze. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kuingia kwenye ile gesti kuangalia, na nyumba zao zipo hatua mia mbili. Diwani aliitwa akaja mwishoni, akasema yeye yupo na wananchi wake. Mdogo wangu ni mwananchi wa nani jamani. Ana kitambulisho cha NIDA, Novemba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa alipiga kura yake Kondoa, nilikuwa naye foleni moja.

Na kuna mmoja, anaonekana msomi, alisimama akasema hili jambo la kugeuza hoteli kuwa makazi ya wagonjwa halijawahi kufanyika popote duniani. Hilo limenikaa rohoni nikarudi chumbani nikaanza kusoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Limefanyika. New York kuna Times Square Hotel, hoteli kubwa kabisa katikati ya jiji, ilikuwa imechakaa vibaya, miaka ya tisini ikageuzwa makazi yenye vyumba 652, humo wapo waliokuwa wanalala barabarani na wenye magonjwa ya akili na wapo wafanyakazi wa kipato cha chini, wote jengo moja na wahudumu wapo hapo hapo ndani. California 2020 wakati wa corona serikali ya jimbo ilianzisha mpango unaitwa Homekey, wakawa wananunua hoteli na moteli nzima nzima wanazifanya makazi. Na huko nako viongozi wa miji walikataa, yaani maneno yanafanana mpaka nikashangaa. Mji wa Milpitas halmashauri yao ilipinga hoteli moja isigeuzwe, ikafunguliwa hivyo hivyo 2021 ikiwa na nyumba zaidi ya 130. Mji wa Millbrae walikwenda mpaka mahakamani kuishtaki kaunti yao ya San Mateo kuhusu hoteli ya La Quinta, wakishikilia kifungu cha katiba ya jimbo cha tangu 1950 kinachotaka wananchi wapige kura kwanza kabla nyumba za watu wa kipato cha chini hazijajengwa kwa hela ya serikali.

Kwahiyo woga ni wa watu wote, sio wa Dodoma peke yake, hilo limenipunguzia hasira kidogo. Ila sisi hatuna haja ya kwenda kuangalia Marekani. Dodoma hii hii ndo mji ambao umewapokea wagonjwa wa nchi nzima kwa karibu miaka mia, wengine wazazi wao walifanya kazi Mirembe, wamelelewa na kusomeshwa na mshahara wa Mirembe. Mji unaojenga lodge kila kona kwa ajili ya Bunge na treni ya SGR na wageni wa siku mbili, vyumba 14 kwa ajili ya watu ambao wanataka kukaa na kulipa kodi na kupiga msasa vitanda vimekuwa vingi. Na sheria zipo, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, mtu mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kuishi kwenye jamii kama mwingine. Nilitamani mtu mmoja wa ofisi aseme hayo siku ile. Hakuna aliyesema, muhtasari ukaandikwa wananchi wamekataa, ukapigwa muhuri. Viti vikabaki pale, mdogo wangu na mwenzake wakavirudisha.

Sasa hali ilivyo ni hivi, muelewe kabla hamjaenda. Leseni imebaki ya gesti, kwahiyo mama ameambiwa asiwe na mpangaji, awe na mgeni tu. Kila asubuhi wale watu sita wanapanga foleni mapokezi wanajiandikisha upya kwenye kile kitabu kikubwa cha wageni, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, sahihi. Kila siku, miezi sasa. Siku naondoka nilikifungua nikaona mwandiko wa mdogo wangu, anaandika vizuri tangu mdogo. Kazi: seremala. Anakotoka: namba 9. Anakokwenda: namba 9.

Kwa huduma naipa nyota tano kasoro hiyo mitungi ya moto na mtu wa usiku, mama ameniahidi mitungi mitatu mwezi huu na nitaenda kuhakiki. Kwa anayekuja na mgonjwa, njoo na kadi ya kliniki na dawa za wiki mbili, usimdanganye mama kuhusu hali ya ndugu yako maana anauliza ili ajue amsaidieje. Kwa mgeni wa kawaida wa Bunge au semina, vyumba vipo, utalala vizuri kuliko sehemu nyingi za bei hiyo na hakuna atakayekusumbua. Na kwa majirani wa mtaa ule, najua wapo wanaosoma hapa, mama anasema karibuni saa 12 jioni, muda wa daftari, chai atatoa yeye. Mimi nitakuwepo wiki ya kwanza ya mwezi ujao, mdogo wangu ana sindano tarehe 4.