Intaneti ya nyumbani "isiyo na kikomo": mtandao ni mzuri, tangazo lake halieleweki

Huduma ninayoitathmini ni intaneti ya nyumbani inayouzwa na kampuni moja ya simu hapa Dar es Salaam. Unapewa ruta yenye laini ndani yake, unaichomeka kwenye umeme, unalipia shilingi 70,000 kwa mwezi, na bango kwenye duka la wakala linakuahidi "intaneti ya kasi isiyo na kikomo, hadi Mbps 20". Mtandao wenyewe si mbaya. Kwetu Tabata unashika vizuri, simu za video hazikatikikatiki, na watoto hufanya kazi zao za shule huku mtu mwingine akitazama mpira bila picha kuganda. Kinachonikera ni kwamba maneno yaliyotumika kuiuza hayamwelezi mnunuzi anachonunua.

Kuelekea mwisho wa mwezi wa kwanza kasi ilishuka ghafla, hata kurasa za kawaida zikawa zinafunguka kwa kusuasua. Nilipiga simu huduma kwa wateja, na kijana aliyepokea akanijibu kwa adabu kwamba nilikuwa nimefikia "Sera ya Matumizi ya Haki". Nilimwomba anieleze kwa maneno mepesi, ndipo aliposema kwamba mteja akishatumia GB 300 ndani ya mwezi, kasi yake hupunguzwa hadi Kbps 512, yaani karibu nusu ya Mbps 1, ili wengine nao wapate nafasi. Sababu hiyo naikubali, kwa kuwa mnara mmoja huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na mmoja wao akipakua mafaili usiku kucha jirani zake huumia. Lakini GB 300 ni kikomo, na kampuni inakijua tangu siku inayochapisha bango. Tofauti yake si ndogo: faili la GB 1 ambalo kwa Mbps 20 lingepakuliwa kwa dakika zisizozidi 7, kwa Kbps 512 linachukua zaidi ya saa 4.

Hizo Mbps 20 nazo zinahitaji maelezo ambayo bango halina. Kasi imetajwa kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo hiyo Mbps, ilhali mafaili, picha na vifurushi tunavyonunua kila siku hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo hata pale kasi inapotimia yote, kinachoingia ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, na mtu aliyezoea kuhesabu bando lake kwa MB hawezi kulijua hilo kwa kusoma "Mbps 20" tu. Halafu kuna "hadi", inayotaja kasi ya juu kabisa na kunyamaza kuhusu ya chini. Majira ya saa mbili hadi saa nne usiku, mtaa mzima unapokuwa mtandaoni, ruta yangu haifiki hata nusu ya kasi hiyo, na bado kampuni inaweza kusema haikudanganya.

Chini kabisa ya bango, kwa herufi ambazo mzee wangu hawezi kuzisoma hata akivaa miwani, imeandikwa "vigezo na masharti kuzingatiwa". Niliyatafuta masharti hayo kwenye tovuti yao na nikayakuta: tangazo ni la Kiswahili safi, masharti ni kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria, na ile GB 300 imefichwa katikati yake. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Anayeweza kuniuzia kwa Kiswahili anaweza pia kuniandikia mipaka ya huduma kwa Kiswahili hichohicho.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na kanuni za vifurushi ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizitoa mwaka 2021 ziliwataka watoa huduma wamjulishe mteja matumizi ya kifurushi yanapofika asilimia 75 na yanapofika 100. Ujumbe wa namna hiyo ungetosha kabisa kwa huduma hii pia, lakini mimi sikupata hata mmoja kabla kasi haijashuka.

Kwa familia inayotumia mtandao kwa masomo, mawasiliano na filamu za hapa na pale, naipendekeza, kwa sababu kwa bei hiyo inafanya kazi. Anayepakia video kila siku, au anayeendesha ofisi nyumbani, aangalie kwanza kama faiba, yaani intaneti ya waya, imefika mtaani kwake. Vyovyote iwavyo, kabla hujalipa mwombe wakala akuandikie nyuma ya risiti kasi inashushwa baada ya GB ngapi, na inashushwa hadi ngapi. Akishindwa kujibu, mwambie apige simu kwa wakubwa wake ukiwa umesimama hapohapo, na pesa yako ibaki mfukoni mpaka jibu lipatikane.