Chaja ya sola ya betri ndogo: paneli safi, kiboksi wastani, betri zake tupa

Kwanza tuelewane, siongelei ule mtindo wetu wa zamani wa kuanika betri zilokufa juu ya bati ili redio imalize taarifa ya habari. Ile haichaji kitu, ni joto tu linaikamua betri kile kidogo kilichobakia ndani. Hii ni chaja kweli: kipaneli cheusi ukubwa wa daftari la shule, waya wa mita kama mbili hivi, afu kiboksi cha plastiki kinachokaa betri nne, zile za rimoti, nene na nyembamba zote zinaingia. Nimeipata Mlandege, mjini Unguja, kwa elfu 45 baada ya kuvutana sana, kijana wa dukani alianzia 60. Jina la kampuni lipo kwenye boksi lakini halitokusaidia, duka la pili utaikuta hio hio ina jina jengine.

Niliipeleka Pemba kwa bi mkubwa, upande wa Micheweni. Bi mkubwa bila redio hakai, matangazo ya vifo ya ZBC lazima ayasikie, na mdogo wangu usiku maji yakipwa anashuka pwani na kurunzi, kwaio pesa ya betri pale nyumbani ilikuwa haishi, yani unanunua leo keshokutwa unaulizwa tena.

Paneli nimeikubali. Fundi wa simu jirani yetu aliipima kwa mita, jua la saa sita mchana ikatoa miliampia 300 na kitu. Ila kivuli cha kuti la mnazi kikikatiza kwenye kona tu, kona moja wallahi, inashuka hata mia haifiki, na kinyesi cha kunguru nacho ni kivuli hicho hicho, ifute kila asubuhi. Sasa piga hesabu: betri ya miliampia-saa 2000 (yani kiasi cha umeme inachobeba) ina upotevu wake, inataka kama saa 8 za jua hilo kali, na jua kali hasa kwa siku moja hulipati saa 8. Kwaio aliekwambia inajaa kwa saa 3 kakudanganya, wewe hesabu siku moja na nusu ndo unatoa betri zimeshiba.

Kuilaza pia kuna namna. Mwezi wa 10 na mwezi wa 3 jua linapita utosini, ilaze tu chali. Mwezi wa 6 na wa 7 jua limehamia upande wa kibla, iegemeze itazame huko huko kibla, na Disemba uigeuze itazame kusini kidogo. Kile kiboksi usikiache juani pamoja na paneli, betri za kuchaji zinachukia joto, zikipikwa zinakufa mapema, na waya wa mita mbili ndo kazi yake hio, paneli juu ya banda la kuku, betri dirishani kwenye kivuli.

Tatizo langu ni hicho kiboksi chenyewe. Chaja ya namna hii inajua betri imejaa pale volti inaposhuka kidogo mwishoni, sasa wingu likipita volti nayo inashuka, basi kinaona kumekwisha, taa inawaka kijani na kinalala! Bi mkubwa anatoa betri kwa furaha, jioni redio inakata katikati ya dua. Kiangazi unaweza kuvumilia, masika usijaribu. Dawa yake nimeipata: paneli ina tundu la yuesibi, mchana inajaza pawabenki, usiku pawabenki ndo inachaji betri kwa chaja nyengine ndogo ya yuesibi, umeme unakwenda sawa bila kukatika na betri zinajaa kweli. Wenye sola kubwa ya nyumba na betri ya volti 12 nyie hata hii paneli hamuihitaji, nunueni chaja peke yake.

Afu zile betri nne zilokuja ndani, jamani. Zimeandikwa miliampia-saa 3000, ukiikamata mkononi nyepesi kama ganda la njugu, fundi akazipima hazikufika hata 700. Betri za kuchaji za saizi ile nene zikiwa nzuri sana zinaishia 2500 mpaka 2800, kwaio ukiona imeandikwa elfu 4 cheka tu uirudishe. Mie nimenunua nyengine zilizoandikwa 2000, nzito, hizo ndo zinafanya kazi mpaka leo. Ni volti 1.2 badala ya 1.5 ya betri za kawaida lakini redio na kurunzi za taa nyeupe hazilalamiki, tofauti utakayoiona ni kwamba hazififii taratibu, zinakwenda vizuri vizuri afu ghafla giza, mwenye kwenda pwani abebe za akiba. Saa ya ukutani na rimoti wekeeni betri za kawaida, zinakaa mwaka huko, kuchaji ni kujisumbua bure.

Na tafadhali wenye watoto nyumbani, betri za kawaida msizitie humu, zinavuja na zinaweza kupasuka, wala zile ndefu za lithiamu za kurunzi za kichwani, hizo zina chaja zake. Chumvi ya pwani nayo inakula springi za kiboksi, zikianza kutu zisugue kwa msasa laini.

Redio ya betri kubwa? Kuna vikopo vya plastiki unavishia betri ndogo ikakaa mahala pa kubwa, Darajani vipo, ila uwezo ni ule ule wa betri ndogo, usitegemee maajabu. Na walioniuliza kama paneli inachaji simu moja kwa moja: ile ndogo ya vitufe ndio, simu ya tachi itakuonyesha inachaji na asilimia haipandi.