Laki nne na nusu, na tusi juu: uzoefu wangu na korasi ya zamani

Naanza na muuzaji, kwa sababu pedali yenyewe, kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha mlio wa gitaa, haijanitukana.

Nilimrudia siku ya tatu baada ya kununua. Jua la Kariakoo lilikuwa utosini, shati limenigandia mgongoni, pedali nimeitia ndani ya soksi isikwaruzike. Nikamsalimia vizuri. Nikamwambia, kaka, taa ya hii kitu inawaka kama kipisi cha sigara kinachozimika na mlio wake umekonda, nahisi ina tatizo. Hakuipokea. Hakuinua hata uso kwenye simu. Akasema, "Sikio lako limezoea vya Kichina. Hilo mimi siwezi kukurekebishia." Vijana wawili waliokuwa wanachagua nyaya wakaangua kicheko, mmoja akawa anarudia "sikio! sikio!" kama kiitikio.

Nacharaza gitaa la kati kwenye bendi ya dansi, miaka inapita kumi sasa. Nimepiga harusini, nimepiga kwenye kampeni, nimepiga kwenye baa ambazo jenereta linanguruma kuliko besi. Nimeambiwa nachelewa mazoezi, nimeambiwa nina madeni, hayo sawa, yana ukweli. Kuambiwa sina sikio, hapana.

Kwa hiyo kama umekuja hapa unataka nikuambie kwa utulivu iwapo pedali za kale zinalia vizuri kuliko mpya, nivumilie. Nitafika. Kwa sasa nina nyota moja mkononi na najua pa kuibandika.

Kitu chenyewe ni CE-2 ya kampuni ya Boss, ile korasi ya bluu mpauko iliyoanza kutoka Japani mwaka 1979. Kila anayeshika gitaa ameshaiona walau pichani, basi sielezi zaidi. Mimi niliitaka tangu utotoni bila kujua jina lake. Baba alikuwa na kanda za muziki wa Kikongo, na kwenye kanda mbili tatu gitaa la solo lilisikika kama watu wawili wanaopiga kitu kimoja, mmoja kachelewa unywele, wanakutana, wanaachana, wanakutana tena. Niliamini kabisa ni watu wawili. Nilishaota ndevu ndipo nilipoambiwa kwamba ni mtu mmoja na kiboksi mguuni, na kiboksi hicho ndicho korasi.

Muuzaji huyu huletewa mitumba ya vyombo kutoka Japani. Siku ya kuniuzia alikuwa mtu mwingine kabisa, alinipa hadi kiti. "Hii ina roho," akaniambia, "hizi mpya zina umeme tu." Nikalipa laki nne na nusu. Mke wangu anajua ni laki moja, naomba ibaki hivyo.

Nyumbani nikachomoa adapta ya volti 9 kwenye pedali yangu ya eko, ambayo ni mpya, nikaichomeka kwenye ya zamani. Tundu lile lile, namba ile ile. Taa ikawaka kwa kusitasita. Nikacharaza C, ikatoka sauti ya mtu anayeimba chini ya blanketi. Nikazungusha kifundo cha kina hadi mwisho, yakaja mawimbi machovu, kama feni ya dari umeme ukiwa mdogo. Usiku ule niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la bendi. Nilisema stori zote za pedali za kale ni hadithi za wazee wenye pesa. Nilisema zamani hapakuwa na mlio wowote wa ajabu, watu walikuwa vijana tu, ndiyo maana kila kitu kiliwalilia vizuri.

Ujumbe ule bado upo. Nimechelewa kuufuta na dogo wa solo ameuhifadhi.

Ndipo nikaenda dukani, yakanikuta hayo niliyoyasema. Sitayarudia, nikiyarudia presha inapanda.

Jioni ya mazoezi nikawakuta wenzangu wameshafunga vyombo vyao. Mzee wetu wa besi ndiye pekee aliyeuliza. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema lete hiyo soksi. Akaigeuza pedali tumbo juu. Chini palikuwa na stika ya bei, nyeupe, imebandikwa karibu na tundu la adapta. Akaanza kuikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama anayekwangua vocha ya simu. Zikatokea herufi tatu: ACA.

"Umeilisha nini hii, mwanangu?"

Nikamwonyesha adapta. Akaguna. Akanyoosha mkono kwenye maiki isiyo na waya ya mwimbaji wetu, akatoa betri ya volti 9 (mwimbaji analalamika mpaka leo), akalegeza skrubu ya kikanyagio kwa vidole, akaipachika betri pale chini. Nikachomeka waya wa gitaa. Taa ikawaka nyekundu ya kweli. Nikacharaza C ile ile.

Mpiga tumba alikuwa nje anavuta sigara. Akachungulia mlangoni kuangalia nani kaja na gitaa la pili.

Mambo yalikuwa hivi, na ninayaandika kwa urefu kwa sababu duka zima la vyombo lilishindwa kuyasema kwa sentensi moja. Zile adapta za Boss za enzi hizo, zilizoitwa ACA, umeme wake haukuwa umetulizwa. Zimeandikwa 9 lakini zinatoa zaidi, zinaweza kukaribia 12 mzigo ukiwa mdogo. Kwa hiyo ndani ya pedali waliweka kizuizi cha kupunguza ile ziada. Baadaye wakahamia adapta za PSA, ambazo zinatoa 9 kamili, na pedali za PSA hazina kizuizi hicho. Sasa wewe ukichukua adapta ya leo ukaichomeka peke yake kwenye pedali ya ACA, ile 9 yako inapunguzwa tena mlangoni, na pedali inashinda njaa. Betri haipiti kwenye kizuizi, ndiyo maana ikaamka. Hata ukiilisha pamoja na pedali mpya kwa adapta moja yenye vichwa vingi, huku zimeunganishwa kwa waya wa gitaa, inapata upenyo wa kukikwepa na inafanya kazi vizuri. "Kaka, hii ni ACA." Maneno manne! Yeye akayafunika kwa stika ya bei.

Hapo hasira yangu ikarudi imeleta na mwenzake. Maana nilichokisikia nyumbani kilikuwa kweli. Mlio ulikuwa umekonda, nami nikasema umekonda. Sikio langu lilikuwa na haki, mwenye duka ndiye hakutaka kusikia. Nilitaka kwenda usiku ule ule. Mzee akasema duka limefungwa, kaa upige.

Basi ya zamani ni bora? Saa ile, na nywele zimenisimama, ningekula kiapo. Ningekwenda redioni kusema.

Tatizo ni kwamba dogo wa solo ana CE-2W, ambayo Boss wenyewe waliitoa mwaka 2016 kurudia mlio huo huo. Nikajitia kidomodomo. Nikawageuzia mgongo, nikamwambia dogo apige akibadilisha, mimi nitasema ipi ni ipi. Nikapata tano kwa tano. Nilicheza kabisa, nilicheza mbele ya watu. Mzee, bila kuinua macho kwenye nyuzi zake, akasema, "Unasikiliza kikanyagio."

Ni kweli. Springi ya ile ya zamani imechoka, inagonga "tak" kabla mlio haujaingia. Dogo akaanza kuhamisha waya kwa mkono badala ya kukanyaga. Mbili kwa tano. Nikadai turudie. Tatu kwa tano. Nikadai tena, wakaanza kukunja nyaya. Na hata hizo tatu nizungumze ukweli: nilizipata kwa ule mvumo wa chini, ile "shiii" inayosikika gitaa likinyamaza, ambayo pedali yangu inayo zaidi. Uzuri wake sikuutambua. Nilitambua kukoroma kwake.

Na kwa nini zitofautiane sana, ukifikiri? Ndani ya CE-2 kuna chipu ya Matsushita iitwayo MN3007, yenye vituo 1024. Sauti inapita kituo hadi kituo kama karai siku ya kumwaga zege la ghorofa, mkono kwa mkono, hadi juu. Msimamizi akichapusha mikono, karai linafika mapema, akiilegeza, linachelewa. Kule kuchelewa kunakopungua na kuongezeka ukikuchanganya na sauti iliyopanda moja kwa moja bila kupita kwenye foleni, ndiyo unapata wale "watu wawili" wa kanda za baba. Zege kidogo humwagika njiani, na kuna vichujio vya kukata kelele za juu, hivyo mlio unatoka laini, umepoteza ncha. Ile ya 2016 nayo inapitisha makarai hayo hayo. Haina kompyuta ndani. Kwa hiyo "roho" anayoiuza yule bwana ni vibarua 1024 waliochoka miaka arobaini.

Nisije nikaonekana mkaidi, kuna pedali za kale ambazo kweli ni kiumbe tofauti. Fuzz Face ile ya duara, pedali ya kukwaruza mlio, ya London, 1966, aliyoikanyaga mpiga gitaa Jimi Hendrix, za mwanzo zilikuwa na transista mbili (vipande vya kukuza umeme) za madini ya gerimani, na gerimani haina msimamo. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja zaweza kulia tofauti kabisa. Joto likipanda umeme unavuja ndani ya transista na mlio unaharibika, kwa hiyo itakavyolia sebuleni kwa mtu mwenye kiyoyozi sivyo itakavyolia ukumbini Temeke saa tano usiku, watu wamejaa na madirisha yamefungwa kwa ajili ya majirani. Ukipata moja nzuri, shika. Lakini hapo umepata bahati ya transista mbili, umri wake haukuhusika. Na upande wa pili kuna wanaouza figo kwa ajili ya Tube Screamer TS808, pedali nyingine ya kukwaruza mlio, kwa sababu ni ya kabla ya toleo la TS9, wakati sakiti ni ile ile na tofauti inayopigiwa kelele ni resista mbili, vipande vya kubana umeme, pale sauti inapotokea, vitu vya kununua kwa bei ya andazi. Hapo nacheka. Nacheka, halafu nakumbuka laki nne na nusu.

Jumamosi tukapiga. Nilikuwa nimeacha waya wa gitaa umechomekwa kwenye pedali tangu mazoezini, na hizi pedali waya ukiwa ndani betri inaliwa hata kama taa imezimwa. Betri yenyewe ya mtumba, ya maiki. Wimbo wa tatu, kwenye chemko, watu wamesimama, mlio ukaanza kukauka kama bomba la mgao, kisha kimya. Dogo akanisukumia kwa mguu kichwa kimoja cha adapta yake na waya mfupi, tukaziunganisha mbili pamoja, ya kwangu ikanyonya kwa jirani ikaamka. Yote hayo yalichukua nusu ya ubeti. Ukumbini hakuna aliyeacha kucheza nilipopotea, na hakuna aliyeongeza kiuno niliporudi. Nawaambia ilivyokuwa, ingawa inauma.

Lakini. Jumapili asubuhi, nyumba imelala, nikaichomeka peke yangu kwa sauti ndogo, kifundo cha mwendo nimekishusha karibu na sifuri. Kuna namna inavyopinda pale mwisho wa noti, inainama na kunyanyuka kama mtu anayeitika kwa kichwa, ambayo ya dogo haina. Au inayo na mimi sijampa nafasi, maana ya dogo sijawahi kuipiga Jumapili asubuhi. Au ni lile tusi linalofanya kazi, kwa sababu tangu siku ile sijasikia mlio wowote bila kujiuliza nausikiliza kwa sikio la nani. Nilitaka kuweka nyota mbili. Nimefuta. Nimeweka nne. Naona nne ni nyingi kwa kitu kinachokoroma, lakini tatu ni kama nakubaliana na wale vijana wa nyaya.

Muuzaji abaki na moja, kwa kuwa sifuri hairuhusiwi. Ukienda kununua kwake au kwa mwingine yeyote, kwangua stika kwanza, nenda na betri yako mfukoni, na uikanyage pale pale mbele yake kabla hujatoa noti.

Nasikia wiki hii kaletewa flanja, pedali nyingine ya mawimbi, ile BF-2 ya Boss ya zambarau, bado iko kwenye boksi lake. Mimi pale sirudi. Nimempa mpiga tumba betri, akaulizie bei.